Dodoso lisubiri: namna ya kuchunguza mazingira ya mtaa wa makazi bila maabara

Swali: Sisi ni wakazi watano wa mtaa mmoja wa makazi. Mmoja wetu ni mwalimu, wengine hatukusomea mambo ya mazingira. Tunataka kuchunguza hali ya mtaa wetu: mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha, taka, joto, kelele na vumbi la barabarani. Vifaa vya maabara hatuna. Tumeshaandaa dodoso la maswali 60 na tunataka kupita nyumba kwa nyumba. Je, tumeanza vizuri? Na tukimaliza, yupo ofisa atakayetusikiliza, au ataona ni malalamiko yaleyale yaliyopigwa chapa?

Jibu:

Hilo dodoso liwekeni kabatini kwanza. Mtu anayejibu maswali 60 akiwa amesimama mlangoni, akifika la ishirini hivi huwa anajibu ili muondoke. Mtabaki na rundo la karatasi zinazosema kwamba wakazi wengi wanaona mtaro ni "tatizo kubwa". Ofisa anayehusika analijua hilo tayari, na halimwambii afanye nini kesho asubuhi.

Chagueni jambo moja. Kati ya matano mliyoyataja mimi ningeanza na mtaro, kwa kuwa unaonekana kwa macho na unapimika kwa futi na saa, lakini hasa kwa kuwa kila mtu ana maelezo yake kuhusu kinachoufanya ufurike. Ulizeni mtaani mtasikia. Wengi watasema watu wanatupa taka. Fundi atasema ulijengwa mdogo. Mzee aliyekaa hapo miaka mingi atasema zamani haukuwa hivyo, ila nyumba zimeongezeka na kila mtu amesakafia ua wake. Wa nne atawaonyesha kalavati la pale barabarani na kusema shida yote iko hapo. Kila maelezo yana dawa yake: kuzoa, kupanua, kupunguza maji yanayoingia, au kulibomoa kalavati na kuweka jingine. Kwa hiyo anayekosea sababu anapoteza pesa na msimu mzima wa mvua. Uchunguzi wenu uwe wa kuwapatanisha hawa wanne, na muwe tayari kukuta kwamba mwenye haki ni yule msiyemdhania. Kama hakuna jibu litakalowashangaza, msijisumbue kupima.

Anzeni na hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme nyumba 200 zinamwaga maji yake kwenye mtaro huo, na kila nyumba ina paa la mita za mraba 80. Hizo ni mita za mraba 16,000 za mapaa. Mvua kubwa ikishusha milimita 30 kwa saa moja, mapaa peke yake yanatoa lita 480,000, yaani karibu lita 133 kila sekunde. Sasa tazameni mtaro. Ukiwa na upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40, na maji yakienda mita moja kwa sekunde, unapitisha lita 160 kwa sekunde ukiwa umejaa pomoni. Kwa hiyo ukiwa mtupu unatosha, ingawa kwa taabu. Mchanga ukishajaa nusu ya kina, zinabaki lita 80, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, maana maji yakiwa na kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na kwenda polepole. Sijahesabu bado nyua zilizosakafiwa wala barabara yenyewe. Zikiongezeka nyumba 50 za ukubwa uleule, mapaa yatatoa lita 167 kwa sekunde, na hapo hata mkiufagia mtaro kila alfajiri utafurika.

Mnaona jinsi mgomvi wa taka na mgomvi wa nyumba nyingi wanavyoweza kuwa na haki wote wawili, ila kwa miaka tofauti. Namba hizi ni za mfano. Zenu zitakuwa nyingine. Mahali ambapo watu hukosea ni kwenye hizo nyumba 200. Huchukua ramani ya utawala ya mtaa, wakahesabu nyumba zilizo ndani ya mpaka, kumbe maji hayajui mpaka. Nusu ya mtaa wenu huenda inamwaga upande wa pili, na huenda mnapokea maji ya mtaa wa jirani ulio juu yenu. Namna ya kujua ni kutoka na mwavuli mvua ikinyesha, kusimama kwenye kila njia panda na kuchora mshale kwenye ramani kuonyesha maji yanakoelekea. Kazi hiyo haina kifaa mbadala. Kwa ukubwa wa mapaa, tumieni picha za setilaiti zinazopatikana bure, au OpenStreetMap, ile ramani ya watu wa kujitolea iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo kwa sehemu nyingi imeshachorwa mipaka ya nyumba moja moja. Pimeni nyumba kumi kwa futi kamba mlinganishe na ramani, ili mjue inadanganya kwa kiasi gani.

Kabla mvua hazijaanza, pigeni alama za rangi ukingoni mwa mtaro kila baada ya mita 20 na mzipe namba. Kwenye kila alama andikeni upana wa juu, upana wa chini, kina kamili hadi sakafu ngumu, na kina cha kilichojaa ndani. Ukurasa wa daftari usomeke hivi: "Alama ya 7. Juu 41, chini 38, kina 40. Ndani: mchanga 22, juu yake mifuko. Kushoto linaingia bomba, maji yanayotoka yana povu." Msiandike "umeziba kiasi". Halafu tofautisheni kilichoziba. Mifuko na chupa za plastiki ndizo zinazovuta macho, kwa hiyo ndizo zinazolaumiwa, lakini chomekeni kijiti mara nyingi mtakuta plastiki imelalia tu juu ya mchanga mzito uliokaa hapo misimu mingi. Mchanga haukutupwa na mtu mchafu. Umetoka kwenye barabara ya udongo iliyo juu, kwenye viwanja vilivyofyekwa vikabaki wazi, au kwenye lundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa kando ya njia. Mkipiga marufuku utupaji taka na kuacha vyanzo hivyo, mtaro utajaa tena.

Mteremko nao mnaweza kuupima wenyewe. Tafuteni mpira mwembamba unaoonyesha maji kwa ndani, ule ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Mmoja ashike ncha moja kwenye alama ya 7, mwingine kwenye alama ya 8. Maji yakitulia, uso wake wa pande zote mbili uko usawa mmoja, na tofauti ya umbali kutoka juu ya maji hadi sakafu ya mtaro ndiyo inayowaambia umeshuka sentimita ngapi. Hakikisheni tu hakuna povu la hewa lililonaswa ndani ya mpira, maana hilo huharibu kipimo chote. Msishangae mkikuta sehemu ambayo mtaro unapanda badala ya kushuka. Mitaro iliyojengwa vipande vipande, kila kipande na mkandarasi wake, huwa na vituko hivyo, na pale ndipo mchanga hutua.

Mvua ikija, mnahitaji watu wawili na saa. Mmoja anaangusha kijiti kwenye alama ya 7, mwenzake anasubiri mita 10 chini na kuhesabu sekunde. Kijiti kikitumia sekunde nane na nusu, kimeenda karibu mita 1.18 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, mpate mita moja kwa sekunde. Rudieni mara kadhaa, mchukue wastani, mwandike saa na kina cha maji wakati ule. Mvua yenyewe ipimeni kwa ndoo yenye kuta zilizonyooka, isiyopanuka juu, iliyowekwa mbali na kuta na miti. Chomekeni rula, milimita zilizomo ndizo milimita za mvua. Someni kila baada ya dakika kumi ikiwa kubwa, kwa sababu mitaro midogo hufurika kwa dakika chache za mvua kali, na jumla ya siku nzima haitawaonyesha hilo. Haya yote yafanyeni mkiwa mmesimama ukingoni, juu, mahali mnapopajua. Maji ya mafuriko ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, na yanaficha chemba iliyokosa mfuniko. Yamechanganyika na ya vyooni pia, kwa hiyo msiyashike kwa mikono mitupu.

Kuhusu kalavati, jibu linapatikana kwa kuangalia mara moja tu, mvua ikiwa imefika kileleni. Maji yakiwa yamejaa upande wa juu na yakiwa chini upande wa kutokea, basi limeshindwa kupitisha, ama kwa udogo ama kwa kuziba. Yakiwa yamejaa pande zote mbili, kalavati halina kosa. Kinachozuia kiko mbele zaidi, fuateni huko. Nashauri mpige picha pande zote mbili kwa dakika ileile, kila picha ikionyesha rula.

Sasa twende kwa watu, maana sikusema msiwaulize kabisa. Wakazi wanajua mengi ambayo futi haiyajui, mradi muwaulize yaliyowatokea na si wanayoyafikiri. "Mafuriko yanakuathiri kwa kiwango gani?" ni swali la kupoteza muda. "Nionyeshe ukutani maji yalifika wapi mara ya mwisho" ni kipimo. Mtu atanyoosha kidole kwenye doa la tope, nanyi mtapima urefu wake kutoka chini. Nyumba thelathini zikipimwa hivyo mnakuwa na ramani ya mafuriko ambayo hakuna ofisi inayo. Kwa taka pia, badala ya kuuliza kama anaridhika na huduma, ulizeni taka zake zilitoka lini nyumbani mara ya mwisho, nani alizibeba na alizipeleka wapi. Maswali kumi ya aina hiyo yanatosha. Na mzungumze na wanaobaki mtaani mchana: wenye watoto wachanga, wazee, wanafunzi wanaorudi kwa miguu. Msipowatafuta kwa makusudi, sampuli yenu itajaa watu mnaowakuta jioni tu.

Kwenye ramani hiyo, nyumba itakayowafundisha zaidi ni ile isiyofanana na majirani zake. Mwaka 1854 daktari John Snow alipochora vifo vya kipindupindu katika eneo la Soho, London, vilirundikana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Rundo hilo peke yake halikuthibitisha kitu, kwani waliodhani ugonjwa huletwa na hewa chafu wangeweza kusema hewa ya hapo ndiyo mbaya. Kilichoipa nguvu hoja yake ni wale waliokwenda kinyume. Kulikuwa na nyumba ya kutunzia maskini, watu 535 ndani yake, imezungukwa na nyumba zenye misiba, na waliokufa humo kwa kipindupindu ni 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Na kulikuwa na mama mjane aliyekaa mbali kabisa, Hampstead, ambako hewa ilikuwa nyingine, naye akafa. Alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile kwa sababu aliyapenda. Kwa hiyo mkikuta nyumba iliyo kavu katikati ya nyumba zilizofurika, msiiruke kwa kuona imeharibu mpangilio. Bisheni hodi. Huenda msingi wake umeinuliwa, huenda mwenyewe aliziba tundu la ukutani na maji yake sasa yanaingia kwa jirani.

Mambo mengine manne mliyotaja yanaweza kufuata baadaye kwa mwendo huohuo, lakini kila moja lina mtego wake, na ni heri niwatajie mapema.

Joto ndilo lenye mitego mingi kuliko yote. Watu hutoka saa saba mchana na kipimajoto, wakasimama juu ya lami, wakaandika namba ya kutisha. Wamepima jua linavyokichoma kipimajoto. Joto la hewa hupimwa kivulini, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, mahali upepo unapopita, na kifaa kiachwe dakika kadhaa kitulie. Msitumie joto linaloonyeshwa ndani ya simu, kwani hilo ni la betri yake. Na saa ya kupima nayo ina maana. Luke Howard, aliyelinganisha joto la London na la mashambani mwanzoni mwa karne ya 19, alikuta kwamba mji uliyazidi mashamba kwa joto usiku. Mchana tofauti ilikuwa ndogo mno, na kwa wastani mji ulikuwa na ubaridi kidogo zaidi. Zege, matofali na lami hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, na kuta zilizobanana hulizuia lisipande angani. Mkitaka kujua mtaa wenu unavyowachosha watu, pimeni saa tatu au saa nne usiku, na tena kabla ya jua kuchomoza, kwenye uchochoro uliobanana na kwenye uwanja ulio wazi, siku moja. Kabla ya hapo wekeni vipimajoto vyote pamoja chumba kimoja kwa saa nzima. Kimoja kitasoma 27.1 na kingine 28.0, navyo viko mahali pamoja. Andikeni tofauti hiyo muitoe kila mara, la sivyo mtatangaza kwamba uchochoro una joto zaidi kumbe ni kasoro ya kifaa.

Wapo watakaowaazima kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kama bastola. Kinapima joto la uso wa kitu, na uso wa kitu si hewa. Zaidi ya hayo kinadanganywa na bati jipya linalong'aa: bati hilo hutoa mionzi michache ya joto na kuakisi anga, hivyo kifaa kitasoma namba ya chini ilhali ukiligusa utaungua. Kwenye lami, zege na udongo hakina shida sana. Kwenye bati, bandikeni kwanza kipande cha tepu nyeusi isiyong'aa, subirini kipate joto la bati, ndipo mpime juu ya tepu.

Kelele pimeni kwa simu, lakini kwa kulinganisha tu: simu ileile, mkono uleule, sehemu A na sehemu B. Namba yenyewe msiiamini, maana maikrofoni za simu zilitengenezwa kwa sauti ya mtu. Kumbukeni pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama kilo. Jenereta mbili zinazofanana zikiwashwa pamoja zinaongeza desibeli 3 tu juu ya moja, na ongezeko la 10 ndilo ambalo sikio huliona kama kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti ya desibeli 2 kati ya njia mbili isiwafanye muandike barua.

Vumbi ningeliacha mwisho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha chembe ndogo zijulikanazo kama PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa siku. Watu wakiona namba hizo hukimbilia kununua kifaa cha bei nafuu. Vifaa hivyo hupima kwa mwanga unaotawanywa na chembe, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunywa maji na kuvimba, kifaa kikasoma juu kuliko kilivyo. Asubuhi ya ukungu itaonekana kama asubuhi ya moshi. Aidha, vumbi la barabara ya udongo, lile mnaloliona kwenye majani na madirisha, kwa sehemu kubwa ni chembe kubwa ambazo PM2.5 haizihesabu. Mnaweza kuwa na vumbi tele na namba nzuri. Daftari la saa za moshi na harufu, likijazwa kwa nidhamu na nyumba kumi zilizotawanyika mtaani, pamoja na upande upepo unakotoka, lingewafaa zaidi kwa sasa.

Taka zipimeni kwa mizani, siku nane mfululizo, kwenye nyumba zilezile, na namba ya siku ya kwanza muitupe kwa kuwa ina masalio ya siku zilizotangulia. Siku saba zinazobaki zinabeba siku za kazi na za mapumziko pamoja. Mkiwa huko, chungulieni vyombo vinavyokaa na maji: matairi, ndoo, sahani za maua. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengi, hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa takriban siku saba hadi kumi penye joto, hivyo anayekagua mara moja kwa mwezi hukosa vizazi viwili vizima. Kwa hili, kila juma.

Kuna aina moja ya uchunguzi ninayoipenda kuliko zote kwa mitaa ya makazi, na haihitaji kifaa chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard, mtaalamu wa usanifu wa miji, alichukua mitaa mitatu ya San Francisco iliyokaribiana kwa sura na wakazi, ila mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, mwingine 8,000, mwingine 16,000. Aliwauliza wakazi marafiki zao pale mtaani ni akina nani na wanakaa nyumba ipi. Kwenye mtaa wenye magari machache mtu alikuwa kwa wastani na marafiki 3.0, kwenye ule wa magari mengi, 0.9. Inawezekana waliopenda ujirani walihama mapema mtaa wa kelele, kwa hiyo mwangalie msidai kupita kiasi. Ila njia yake inafaa kuigwa. Tafuteni njia mbili za mtaa wenu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja mnachokichunguza, miti au magari au taa, halafu hesabuni: watoto wangapi wanacheza nje, watu wangapi wamesimama kuzungumza, saa zilezile, kwa dakika kumi kumi, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Mkisimama na makaratasi watu watabadilika. Kaeni mahali pa kawaida, muwe wenyeji.

Namna ya kuandika nayo ni nusu ya kazi. Kila kipimo kiwe na tarehe, saa, jina la aliyepima, na hali ya hewa. Kitu kisipokuwepo, andikeni sifuri. Nafasi tupu haisomeki, baada ya miezi miwili hamtakumbuka kama hapakuwa na maji au hamkufika. Alama moja katika kila kumi ipimwe na watu wawili kwa nyakati tofauti bila kuonyeshana. Mmoja akipata 22 na mwingine 31, msichukue katikati. Rudini pamoja mtaroni mjue mmoja wenu alikuwa anashikilia wapi. Madaftari yapigwe picha kila jioni, zihifadhiwe kwa watu wawili. Viongozi wa mtaa wapewe taarifa kabla ya siku ya kwanza, na picha zisionyeshe sura za watu. Lile bomba lenye povu kwenye alama ya 7 lina mwenyewe. Kwenye ramani ya kubandikwa hadharani mwiteni "chanzo cha majitaka kati ya alama ya 6 na 8", mkazungumze naye faragha kwanza, la sivyo mtapata adui mmoja na nyumba ishirini zitakazowafungia milango.

Mmeuliza kama yupo ofisa atakayewasikiliza. Nendeni kwake kabla ya kupima, ndilo jambo ambalo vikundi vingi hulisahau. Muulizeni angehitaji nini ili aamue. Mhandisi wa barabara na mitaro atataka upana, kina, mteremko na kasi ya maji, kwa alama zenye namba, ili amtume fundi wake ahakiki alama tatu tu. Akikuta mmepima sawa, ataziamini zilizobaki. Ofisa wa afya hatahitaji mteremko, atataka idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi na idadi ya nyumba mlizokagua. Mkirudi, pelekeni ramani moja, jedwali moja, na ukurasa mmoja unaosema mmekuta sababu ipi kati ya zile nne na kwa nini mmezikataa tatu. Ramani za madoa ya ukutani wakazi wazione kabla yake, kwa sababu watasahihisha makosa ambayo hamkuyaona.

Ikiwa kwenu mvua zinakaribia, pigeni alama na pimeni mchanga juma hili. Kina cha mtaro mkavu hakipimiki tena maji yakishaingia, na bila hicho vipimo vya siku ya mvua havitakuwa na cha kulinganishwa nacho hadi msimu mwingine.